Kihisi kinachojipima chenyewe

Jumapili usiku

Wiki nzima fikra zangu zimekaa kwenye kihisi cha kupimia mpigo wa sumakuumeme, yaani wimbi kali na fupi la umeme na sumaku: kitanzi kidogo cha waya, nusu kipenyo milimita 18. Eneo lake ni kama mita ya mraba 0.001, na ukishalijua hilo, pamoja na kasi ya kubadilika kwa uga wa sumaku, unajua kitatoa volti ngapi.

Tarehe 9 Julai 1962 Marekani, katika jaribio la Starfish Prime, ililipua bomu la nyuklia la megatani 1.4, kilomita 400 juu ya eneo la kisiwa cha Johnston, bahari ya Pasifiki. Hawaii, kilomita 1,400 hivi kutoka hapo, baadhi ya taa za barabarani zilizimika. Mpigo wa sumakuumeme ulizidi makadirio, vipimo vingi vikagota mwisho. Mwaka 1963 mkataba ukapiga marufuku majaribio ya angani. Tangu hapo mpigo ulipaswa kutengenezwa ardhini, na kupimwa kwa chombo kisichosubiri bomu ili kihakikiwe.

Kazi hiyo ilishika kasi Kirtland, kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Albuquerque, ambako mhandisi Carl Baum alianza mwaka 1964 mfululizo wa maandiko kuhusu vihisi na viigizi, yaani mitambo ya kutengeneza mpigo wa kuiga. Msimamo wake naupenda mno: chagua umbo ambalo hesabu inalimudu, na kihisi kitakuwa kiwango chake chenyewe. Rula inatosha kukihakiki.

Tuchukue mpigo wa volti 50,000 kwa mita, unaopanda kwa nanosekunde 5. Uga wa sumaku unaoandamana nao ni mikrotesla 167 hivi. Ugawe kwa muda wa kupanda, zidisha kwa eneo la kitanzi, unapata takribani volti 33. Osiloskopu, chombo kinachochora volti kadiri muda unavyopita, hailioni wimbi lenyewe, inaona kasi ya kubadilika kwake, kwa hiyo lazima ujumlishe volti hizo hatua kwa hatua ili ulipate wimbi. Hapo ndipo wengi huumia. Mstari wa sifuri ukihama milivolti 10 tu, ukajumlisha kwa mikrosekunde 1, kosa linafika asilimia 6 ya jibu, na mkia wa mpigo utaonekana unapanda wakati kwa kweli unashuka. Rekodi kwanza kipande kirefu kabla ya mpigo, tafuta wastani wake, uutoe, ndipo ujumlishe.

Kitanzi chenye mwanya mmoja kina tabia nyingine mbaya: kinaokota pia uga wa umeme. Dawa ni kukigawa kwa mianya kadhaa iliyopangwa kwa ulinganifu, ili yasiyotakiwa yafutane. Kebo nayo ipite pembemraba na uga wa umeme, la sivyo ni antena.

Upande wa kiigizi, kapasita (vihifadhi vya chaji) za jenereta ya Marx huchajiwa sambamba, kisha hufyatuliwa zikiwa zimeungwa kwa mfululizo, volti zao zikijumlishana, kuingia kati ya mabamba mawili. Mabamba yakiachana mita 10, volti 50,000 kwa mita zinadai volti 500,000. Ndege nzima ya kivita ya B-52 inataka zaidi ya hapo, na inataka ikae kama iliyo angani, mbali na ardhi. Ndiyo maana jukwaa la Trestle, lililokamilika hapohapo Kirtland mwaka 1980, lilijengwa kwa mbao zilizogandishwa kwa gundi. Chuma kingerudisha mawimbi na kuuharibu uga uliokusudiwa kupimwa, kwa hiyo hata bolti zake zilichongwa kwa mti.