Tembo wa Isotta

Mwaka 2013 nilikuwa nasoma London, nikaomba miadi katika chumba cha kusomea cha idara ya sarafu na medali, British Museum. Nilitaka kumshika Isotta degli Atti wa Rimini, Italia: medali ya bronzi ya karne ya kumi na tano yenye sura yake. Nilikuwa nimemwona nyuma ya kioo: uso wa upande, nywele zimevutwa juu sana. Kioo hukuonyesha upande mmoja tu, na medali hizi zilitengenezwa ili zigeuzwe mkononi.

Nikanawa mikono, nikaketi, nikaletewa trei. Medali ilijaa kiganja, upana wa sentimita nane na kitu, nzito, baridi. Matteo de' Pasti, msanii aliyeitengeneza, alifinyanga kwanza sura kwa nta, kisha bronzi ikamiminwa kwenye kalibu. Haikugongwa kama sarafu, ndiyo maana shavu lile linainuka polepole, kama uso ulio chini ya maji.

Nikaigeuza. Tembo! Anatembea kwenye majani yenye maua, na hapo chini mwaka 1446 kwa tarakimu za Kirumi.

Mimi nimekulia jirani na Mikumi. Kwetu tembo ni debe linalogongwa usiku, sauti ya babu ukingoni mwa shamba, na asubuhi mahindi yote yamelala. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu angemtumia kumsifu mwanamke anayempenda. Lakini tembo alikuwa alama ya ukoo wa Malatesta, watawala wa Rimini, na Isotta alikuwa mpenzi wa Sigismondo Malatesta, baadaye mkewe. Hata kaburi la Isotta kule Rimini limebebwa na tembo wa mawe. Wasomi wa zama zile walimsoma Plinio Mzee, Mrumi aliyeandika kwamba tembo ni mwaminifu, ana busara na haki, na huheshimu jua na mwezi. Ukoo nao ulikuwa na msemo wake wa Kilatini: tembo wa India haogopi mbu. Niliposoma hayo nilimkumbuka babu, ambaye hata katika hasira yake hakuwahi kumtukana tembo. Alimwita mzee.

Nikapitisha kidole gumba mgongoni mwa yule mnyama. Hapo rangi ya kahawia imelika, bronzi inang'aa. Vidole vingi vimepita kabla ya changu.

Muda ulipoisha medali ilikuwa imeshika joto la mkono wangu. Niliirudisha kwenye trei, tembo akiwa juu.