Mfarishi wa Malkia

Jana nilipelekwa na mwenyeji wangu kuona Kasri la ʻIolani, lililokuwa makao ya wafalme wa Hawaii, Honolulu. Mlangoni tukavalishwa vifuniko vya viatu, maana sakafu ni ya mbao na hawataki mchezo nayo.

Chumba cha Buluu kina picha kubwa ya Malkia Liliʻuokalani, na ya kaka yake, Mfalme Kalākaua, aliyelijenga kasri hili, likakamilika mwaka 1882. Nzuri, sikatai. Lakini kilichonikamata kiko juu, kwenye chumba alichofungiwa malkia mwaka 1895, miaka miwili baada ya kupinduliwa. Humo kuna mfarishi. Vipande vya hariri na mahameli vya kila rangi, vimeungwa bila mpangilio, katikati bendera za Hawaii, na kote majina na tarehe zilizodariziwa kwa uzi. Aliuanza humo humo kifungoni, akisaidiwa na wanawake waliokuwa naye.

Nilisimama pale mpaka mwenyeji wangu akanivuta mkono. Bibi yangu alikuwa akishona foronya kwa vitambaa vilivyobaki kwa fundi, basi nilikuwa nahesabu mishono tu, kama mwendawazimu.

Samani nyingi za kasri zilipigwa mnada baada ya mapinduzi, zikatawanyika. Wanaolitunza wamezisaka kwa miaka, kiti hiki huku, sahani ile kule, na baadhi zimerudi.

Foronya za bibi sijui ziliishia kwa nani. Leo nimempigia mama simu, kasema atamuuliza shangazi.