Tumbo joto

Siku ya nne sasa tunaambiwa matokeo ya kidato cha nne yatatoka wakati wowote. Binti yangu, mwenye mtihani wake, analala fofofo. Niliyeamka saa tisa usiku na kiungulia ni mimi.

Asubuhi mama alinikuta jikoni nimejishika tumbo. "Kwani mtihani umeufanya wewe?"

"Tumbo joto, mama."

"Kunywa uji. Na hiyo simu niletee mimi."

Tumbo joto. Nimelisema neno hili tangu nikiwa shule, na magazeti hayaliachi kila uchaguzi ukikaribia, lakini jana usiku ndipo nilipojiuliza mtu wa kwanza kulisema alikuwa anasikia nini huko ndani.

Nina historia na tumbo hili. Mwaka juzi nilipimwa vidonda, wakakuta wale bakteria, H. pylori, nikameza antibiotiki mpaka ulimi ukawa na ladha ya chuma. Tangu hapo kila aliyeniambia vidonda huletwa na mawazo nilimsimulia Barry Marshall, daktari wa Australia, aliyewanywa bakteria hao mwaka 1984 na kuugua tumbo mwenyewe. Nilijiona nimemaliza ubishi.

Sasa nalegeza kidogo. Siyo kwamba bakteria wamesamehewa. Nilichokuwa nimekisahau ni ute. Tumbo na utumbo vimepakwa ute kwa ndani, na pale chakula kinapotoka tumboni kuingia utumbo mwembamba kuna tezi za Brunner, zinazomwaga ute wenye alkali kuipoza ile asidi. Mwaka 2024 jarida la Cell lilichapisha utafiti uliofanywa kwa panya: amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, huzifikia tezi hizo kupitia neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na tumbo. Panya akisongwa na msongo, ujumbe unafifia, ute unapungua, na bakteria wema wa jamii ya Lactobacillus, ndugu wa wale wa mtindi, wanapungua pia. Watafiti walipoziamsha seli hizo za ubongo, bakteria wakaongezeka. Panya walioondolewa tezi wakawa rahisi kushambuliwa na vimelea.

Panya ni panya, najua. Ila kuna Alexis St. Martin, kijana wa Kanada aliyepigwa risasi kwa bahati mbaya mwaka 1822 katika kisiwa cha Mackinac, Marekani. Alipona, lakini tundu la tumboni halikuziba, na daktari wake, William Beaumont, akawa anachungulia humo miaka na miaka. (Maskini St. Martin, kugeuzwa dirisha!) Katika kitabu chake cha 1833 Beaumont aliandika kwamba hofu au hasira ikimpata mtu, utando wa ndani ya tumbo hubadilika: mara mwekundu na mkavu, mara umepauka.

Mwekundu na mkavu. Nilisoma hapo mara mbili. Mama hajawahi kumsikia Beaumont, ila kati ya uji na simu, alichokazania ni simu.

Nimempa. Naandika haya kwenye kompyuta, nayo pia ina intaneti, lakini hilo hajalijua. Binti amepita sasa hivi na sahani ya mihogo, anatafuna.

"Mama, bado?"

Bado.