Digrii ya Kufundisha Ba Be Bi Bo Bu

Leseni yangu ya ualimu imetoka wiki hii. Nasema imetoka, lakini karatasi hakuna. Hapa Texas siku hizi cheti cha mwalimu ni jina lako kwenye tovuti ya serikali ya jimbo: mwajiri anaingia, anakutafuta, anakukuta au hakukuti. Mama alitaka picha ya cheti aitengenezee fremu, nikampigia picha skrini ya kompyuta nikamtumia. Akanijibu, "Mwanangu, hii si risiti?"

Kwa wanaoniuliza nimepitia wapi, maana ujumbe wa namna hiyo ni mwingi, nieleze haraka. Nilikuja Houston na digrii ya sosholojia ya nyumbani Tanzania. Nikapakia maboksi ghalani, kisha nikapata kazi ya msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi: kufungia watoto viatu, kuwapeleka chooni, kukaa na wale wanaobaki nyuma. Texas inamruhusu mtu mwenye digrii, hata isiyo ya ualimu, kuingia kwenye programu ya mafunzo bila kurudi chuo kikuu kuanza upya. Unatakiwa uwe na wastani wa alama wa 2.5 kwa kawaida, na kama digrii ni ya nje, itathminiwe kozi moja moja. Ukishaingia kuna masomo, mitihani, alama za vidole, halafu mwaka mmoja wa kufundisha kwa leseni ya muda, mshahara ukiwa wa mwalimu kamili, huku ukikaguliwa.

Hiyo tathmini ndiyo iliyonizeesha. Watathmini wanataka matokeo yatoke chuoni moja kwa moja, bahasha ikiwa imefungwa na kupigwa muhuri. Binamu yangu aliyekuwa akinifuatilia kule nyumbani alilifahamu lile dirisha la ofisi ya chuo kuliko waliosoma pale. Leo mhusika yuko kikaoni, kesho mhusika yuko safarini, keshokutwa mhusika yupo ila mfumo uko chini. Na matokeo yalipofika kulikuwa na hesabu nyingine: kwetu wastani unapimwa kwa tano, kwao kwa nne, kwa hiyo usijitangazie ushindi kabla hawajageuza.

Wapo wanaosema njia hii ni ya mkato. Kwa kiasi fulani nakubaliana nao. Mtu anaweza kutoka benki mwezi wa sita na mwezi wa nane akakabidhiwa watoto ishirini wa darasa la kwanza, na atakachojifunza mwaka huo atajifunzia juu ya watoto hao. Kilichoniokoa mimi ni miaka ya kufunga viatu. Nilishaona walimu wazuri wakifanya kazi, na nilishaona pia wale wa kupiga kelele.

Mitihani nayo. Mmoja una sehemu tano: lugha na kusoma, hisabati, sayansi, maarifa ya jamii, na sanaa pamoja na afya na michezo. Alama zinaanzia 100 mpaka 300, na kufaulu ni 240. Mwingine ni wa malezi na mbinu za kufundisha, ambapo majibu yote manne yanaonekana ya busara na wewe unaulizwa mwalimu afanye lipi kwanza. Aliyekulia kwenye mchapo wa fimbo kama mimi inabidi ajifunze kumjibu mtahini, si kumjibu mwalimu mkuu wa shule aliyosoma.

Lakini ulionikalisha kitako ni ule wa kufundisha kusoma. Ni mtihani wa peke yake, na tangu Januari 2021 hupati leseni ya madarasa ya chini bila kuufaulu, kwa sababu ya sheria iliyopitishwa mwaka 2019. Nilidhani ningeupita kama mtu anayevuka kizingiti cha mlango wake. Nimesoma maisha yangu yote, nini tena? Kumbe kusoma na kujua mtu anavyojifunza kusoma ni mambo mawili. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, na mtihani unataka ujue kila sauti inaandikwa kwa njia ngapi, ipi ifundishwe mapema, ipi isubiri, na mtoto akikosea namna hii tatizo liko wapi hasa: ni sikio, ni herufi, au ni msamiati. Unapewa maandishi na usomaji wa mtoto mmoja, unaandika insha ya kumchambua kama daktari anayesoma vipimo.

Hapo ndipo nilipoanza kumpigia Mama simu kwa sababu nyingine.

Mama yangu ni mwalimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote. Wenye umri wanajua jina hilo lilivyokuwa likisemwa kwa kubinua mdomo. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wa Tanzania wawe shuleni, walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Mama alishika chaki akiwa msichana tu, na akafundisha darasa la kwanza karibu maisha yake yote. Nilipomwambia nataka kuwa mwalimu wa shule ya msingi alinyamaza, halafu akasema, "Digrii yote ile, mwanangu, ukafundishe ba be bi bo bu?" Simlaumu. Alidharauliwa sana kwa kazi hiyo hiyo.

Basi jioni namsomea maswali ya mtihani, nikiyageuza kwa Kiswahili. "Shikamoo Mama. Mtoto anatambua herufi zote lakini hawezi kuunganisha sauti. Utaanza na nini?" Yeye huyo, huku anachambua mchele: usimpe neno refu, mpe silabi mbili anazozijua, mtamkie polepole kisha haraka, mpigishe makofi. Mambo ambayo kitabu changu kilikuwa kimeyapa majina marefu na sura nzima nzima. Mwaka 2015, mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ulipoingia, alipelekwa semina akaambiwa aanze na sauti za herufi badala ya majina yake, na bado anasimulia kwa maringo kwamba alikuwa akifanya hivyo zamani.

Kuna mahali ujuzi wake uliishia, na pakanipa taabu na mimi. Kiswahili kinasema kilichoandikwa. Ukishazishika silabi umemaliza, hata neno usilolijua maana utalitamka sawasawa. Mwaka wangu wa leseni ya muda nilikuwa na mvulana wa Kikongo aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Mama yake alikuwa amemfundisha kusoma kwa Biblia ya Kiswahili. Mwalimu mlezi wangu alikuwa ameandika kwenye faili kwamba mtoto anabahatisha. Nikaketi naye na kadi. Kadi ya "make", akaisoma ma-ke. Kadi ya "time", akaisoma ti-me. Kadi ya "home", ho-me, kwa sauti kubwa, bila wasiwasi wowote. Habahatishi hata kidogo! Anasoma vizuri kabisa, ila kwa kanuni za lugha nyingine.

Nikairudisha kadi ya "make", nikamwambia kwa Kiswahili, hiyo e ya mwisho haisemwi, imekaa pale kuibadilisha ile a. Akaitazama kadi, akanitazama mimi.

"Sasa waliiandika ya nini?"

Sikuwa na jibu la umri wa miaka saba. Tulichofanya ni kuifunika e kwa kidole, akasoma "mak", kisha tukaifunua, akasoma tena. Kidole juu, kidole chini, kadi kwa kadi, wiki baada ya wiki. Ilipofika likizo ya Krismasi alikuwa akifunika mwenyewe, kisha akaacha kufunika. Mama yake alikuja siku ya wazazi akanishika mikono yote miwili. "Mwalimu, mutoto anasemaka unajua Kiswahili. Ile Kizungu ya hapa iko nguvu sana." Nikamwambia endelea na Biblia ya Kiswahili nyumbani, usiiache, kazi kubwa ulishaifanya wewe. Faili nalo tulilirekebisha.

Sasa leseni hii kamili inadumu miaka mitano, na ili kuihuisha natakiwa nikusanye saa 150 za mafunzo. Za kwanza nitazichukua kiangazi hiki kwenye hisabati, si kwenye kusoma. Mwalimu mkuu ameniambia mwakani nahamia darasa la nne, na darasa la nne ni sehemu: kiasi na asili, kulinganisha nusu na theluthi. Nimemuuliza Mama. Amesema yeye alikuwa wa darasa la kwanza, nimtafute mwingine.