Boti la wekundu: safari ya Amaan na mjomba

Mei 2025, Simba tumeingia fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, halafu CAF, wakubwa wa soka la Afrika, wanasema marudiano hayachezwi kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar, mvua imeharibu pichi, nendeni Zanzibar. Yani tunaacha uwanja wa watu 60,000 tunaenda kubanana Amaan watu kama 15,000, na kule Morocco kwa wapinzani wetu Berkane tumeshapigwa 2-0. Tiketi ziligombaniwa sio kidogo, mimi nilipata kwa mbinde, mjomba akakosa ila akasema twende hivyo hivyo.

Boti ilikuwa nyekundu tupu. Vuvuzela mpaka kwenye ngazi, jamaa mmoja kajipaka rangi uso mzima, tulipofika katikati ya bahari mawimbi yakamshika akawa anatapikia kwenye mfuko huku anaimba lol.

Mjomba yeye ana hoja yake, eti uwanja ukijaa sana wachezaji wetu wanapata presha. Alikuwepo Uhuru 1993, fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan ya Ivory Coast, kwao tulitoka 0-0 kwahiyo mji mzima ulishabeba kombe kichwani, Rais Mwinyi yupo jukwaani, Stella wakatupiga mbili bila. "We mtoto, Januari hapa si tumefungiwa mashabiki, uwanja mtupu kabisa, na Constantine wa Algeria akala 2-0?" Nikamwambia sawa mjomba, na Al Masry wa Misri Aprili je? Kwa Mkapa palipowaka, tukarudisha zile mbili tulizofungwa kwao tukamtoa kwa penati. Akanyamaza kidogo, akaomba maji.

Tukashuka bandarini Malindi, Unguja, tukapiga urojo fasta, daladala zote zinaita Amaan Amaan. Nje ya uwanja ndo nikaona balaa, watu wasio na tiketi kibao na hawaondoki, wengine wametoka bara usiku. Ndo maana mtu akinitajia idadi ya waliokaa kwenye viti kupima ukubwa wa Simba namshangaa, maana utopolo, watani wetu Yanga, nao wanapenda sana hizo hesabu. Mjomba nikamwacha kwenye kibanda umiza cha jirani, aangalie mechi kwenye tv.

Ndani Mutale akafunga mapema, Amaan ikatetemeka, udogo wake wote ule. Kipindi cha pili kimeanza tu Kagoma akala nyekundu, tukabaki kumi na bado tunasukuma. Mukwala akaweka la pili, nikakumbatia mtu nisiyemjua, VAR, marefa wa video, wakalifuta. Dakika za nyongeza Sidibe akasawazisha, 1-1, kombe likaenda Morocco.

Nikamkuta mjomba sauti imekauka. Anasema tv yao ilikuwa nyuma ya mechi, wao wanasikia kelele za uwanjani kwanza, kwahiyo la Mukwala walishashangilia hata mpira haujapigwa, meza ya muuza kahawa ikapinduliwa, halafu ndo wakaonyeshwa goli, halafu ndo wakaonyeshwa limekataliwa. Muuza kahawa anadai hela yake. Tukachanga tukamlipa, tukakimbilia bandarini.