Lita 30 za maji kwa samaki wasiotaka kukaa majini

Siku niliyowaingiza samaki wangu wanne wa matopeni kwenye tangi, hakuna hata mmoja aliyekaa majini dakika mbili. Walipanda mteremko wa mchanga kwa mapezi ya kifuani, mmoja akajibandika kwenye kioo, mwingine akapanda gogo la mkoko na kunikodolea macho kutoka huko juu. Nikajiambia hawa ni wepisi kuwafuga, maji kwao ni ya kuoga tu. Miezi mitano iliyofuata niliitumia kupima, kumwaga na kuchanganya maji hayo ya kuoga.

Wangu ni wa aina ya Periophthalmus argentilineatus, wale wanaopatikana kuanzia Bahari ya Shamu na mwambao wa Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Wakiwa juu hupumua kupitia ngozi iliyolowa na utando wa kinywa, na hubeba maji kidogo kwenye vyumba vya matamvua. Ukimtazama kwa karibu utaona jicho moja likizama kichwani na kuibuka linang'aa, kisha la pili. Akihisi ngozi inakauka anajilaza ubavu kwenye mchanga mbichi na kujigaragaza. Maana yake ni kwamba maji yakiharibika, samaki huyu anayapaka mwili mzima, macho yakiwemo.

Tangi lina urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45. Mgeni akiliona anahesabu lita 180. Lakini kina cha maji ni sentimita 12 tu, na karibu nusu ya nafasi hiyo imeliwa na mteremko. Maji halisi hayazidi lita 30. Ndoo tatu hizo, za kubeba uchafu wa samaki wanne wanaokula nyama, chini ya kifuniko chenye joto la digrii 28. Kila shida niliyoipata ilianzia kwenye hesabu hiyo, na mimi niliifanya nikiwa nimeshachelewa.

Nilianza vizuri. Nilinunua chumvi ya akwariamu za baharini, si chumvi ya mezani, kwa sababu ya mezani ni karibu sodiamu kloridi tupu na haina kalsiamu, magnesiamu wala kaboneti za kutosha kushikilia pH, kipimo cha asidi ya maji (ikishuka, asidi imezidi). Niliichanganya kwenye ndoo, kama gramu 15 kwa lita, pampu ikikoroga usiku kucha. Usimwage chumvi kavu ndani ya tangi la samaki hawa. Punje ikimwangukia kwenye ngozi ile yenye ute itamchoma. Nilitaka kipimo cha 1.010, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matupu. Maji ya bahari kamili huwa karibu 1.025. Maji yangu yalikuwa chini kidogo ya nusu ya bahari, mahali pazuri kwa samaki anayeishi kwenye mikoko, ambako mvua na maji kupwa na kujaa hubadilisha chumvi kila siku. Bakteria wa kwenye chujio, wanaosafisha uchafu wa samaki, niliwasubiri wiki 6 waongezeke kabla ya kuleta samaki. Hapo sikuwa na haraka.

Kosa la kwanza lilikuwa la kujazia. Maji yalikuwa yakipungua karibu nusu lita kwa siku, maana kifuniko kilikuwa na upenyo wa nyaya ambao sikuuziba. Kila jioni nilijaza nusu lita kutoka kwenye ndoo ileile ya maji niliyokwisha kuyatia chumvi. Mtoto wa shule ya msingi angeniambia: kinachoruka ni maji, chumvi inabaki. Nilikuwa naongeza gramu 50 na ushei za chumvi kila wiki kwenye lita 30, huku naamini nafidia kilichopotea.

Haidromita yangu ya mshale, chombo cha kupimia chumvi, ilisema 1.011, wiki baada ya wiki. Nilifurahi nayo hadi siku nilipoazima refraktometa ya rafiki, inayopima chumvi kwa mwanga, nikaweka tone moja kwenye kioo chake, nikalenga dirishani. Mstari wa buluu ulikaa kwenye 1.018. Nikaifuta, nikaihakiki kwa maji yaliyotoneshwa, ikarudi sifuri sawasawa. Nikarudia. 1.018. Ndipo nikaichukua ile haidromita na kuitazama kwenye mwanga: mshale ulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi, kwa kuwa sikuwahi kuusuuza baada ya kupima. Ukoko unaongeza uzito, mshale unalala chini, nami nasoma chumvi kidogo kuliko iliyopo. Chombo kilikuwa kinanidanganya kwa kosa langu mwenyewe.

Samaki hawakuonyesha dalili yoyote ya kuteseka, na hilo ndilo linalohadaa. Wamezoea maji ya bamvua na maji mafu, jua kali na mvua ya ghafla. Asiyeweza ni bakteria. Samaki anahama kutoka chumvi hii hadi ile ndani ya saa moja, lakini bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitreti, ukiwashtua hupunguza kazi. Basi nikaamua kushusha chumvi polepole, si zaidi ya 0.002 kwa wiki, kwa kutoa maji kidogo ya tangini na kuweka ya mvua mahali pake. Nikaziba upenyo kwa sifongo. Nikachora mstari kwenye kioo kwa kalamu ya wino usiofutika, na kila jioni nikawa najaza hadi mstarini kwa maji ya mvua, ambayo hayana chumvi wala klorini. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa 1.010, na refraktometa ya kwangu mwenyewe mkononi.

Nikapumzika. Sana. Kwa kuwa chumvi ilikuwa imetulia, nikaacha hata kubadilisha maji. Nikawa najazia tu maji ya mvua.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sikuliona likija. Wakati ule wa kujaza kwa maji ya chumvi, bila kujua nilikuwa naingiza pia kaboneti zilizomo kwenye chumvi ile. Nilipohamia maji ya mvua niliifunga njia hiyo. Bakteria wanapokula amonia huzalisha asidi, na asidi hiyo hula kaboneti za maji, zile tunazozipima kama KH. Maji ya bahari kamili huwa na KH ya 7 hivi. Ukiyapunguza kwa maji ya mvua hadi 1.010, unabaki na kama 3. Na kwenye lita 30, 3 si akiba ya muda mrefu.

Asubuhi moja niliona povu dogo la manjano kwenye ukingo wa maji na harufu nzito nilipoinua kifuniko. Nikapima pH: 6.4. Nikapima KH. Kwa kipimo changu cha matone, tone la kwanza hugeuza maji kuwa buluu, kisha unahesabu matone hadi yawe manjano. Safari hii tone la kwanza tu yakawa manjano papo hapo. Akiba ilikuwa imekwisha kabisa. Amonia ikasoma miligramu 4 kwa lita, kwa sababu pH ikishuka kiasi hicho bakteria nao hulegea.

Kama ningeishia kubadilisha maji kidogokidogo, ningekuwa sina kisa cha kusimulia. Lakini niliona namba 6.4 nikataka kuiona 8, siku hiyohiyo. Nikachukua kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda, kimejaa hadi kilima, nikakiyeyusha kwenye kikombe na kumimina. Jioni pH ilikuwa 8.1. Nikalala kwa amani.

Asubuhi wote wanne walikuwa juu. Wawili kwenye gogo, mmoja kioo cha nyuma, mmoja juu ya bomba la chujio, wote wameelekeza macho majini kama wapangaji waliofungiwa mlango. Mmoja alishuka, akagusa maji kwa mkia, akaruka kurudi mchangani. Nilitupa mnyoo ukingoni, pale wanapopigania siku zote. Hakuna aliyeugusa.

Amonia ina sura mbili. Maji yakiwa na asidi, karibu yote hukaa kama amoniamu, ambayo haimdhuru samaki sana. pH ikipanda, sehemu yake hugeuka amonia yenyewe, iliyo sumu. Kwenye joto la maji yangu na pH 7, sumu hiyo haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 6. Hatua moja ya pH ni takribani mara 10. Mimi nilikuwa nimepanda karibu hatua mbili kwa siku moja, na amonia yote ikiwa bado mle ndani. Sikuwaletea sumu mpya. Niliiamsha iliyokuwa imelala. Wangekuwa samaki wa kawaida wasio na pa kukimbilia, ningeokota mizoga. Hawa walikuwa na gogo.

Siku hiyo nilibadilisha nusu ya maji, yenye chumvi na joto sawa na ya tangini, kisha robo kila siku kwa siku nne. Chakula nilikikata kabisa siku mbili, halafu nikarudisha kidogo sana. Safari hii ndoo niliijaza maji ya bomba badala ya mvua, kwa kuwa ya bomba kwangu yana KH ya kutosha, nikayatia dawa ya kuondoa klorini. (Kuyaacha wazi usiku kucha husaidia kama ni klorini tupu, ikiwa ni kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haitoki.) Siku ya tatu wawili walishuka wenyewe. Siku ya tano wote.

Tangu hapo sipandishi pH. Naishika KH, na pH inajipanga yenyewe kati ya 7.8 na 8.2. KH ikipungua chini ya 5, naongeza bikaboneti gramu 0.9 kwa lita zangu 30, ambayo hupandisha KH digrii moja, na siongezi tena hadi kesho yake. Naipima kwa mizani ndogo. Kile kijiko cha chai nimekirudisha jikoni. Kwenye chujio nimeweka mfuko wa vipande vya matumbawe na makombe ya chaza yaliyopondwa. Watu huuamini sana mfuko huo, lakini huyeyuka polepole na hushtuka pH ikiwa imeshaanza kuanguka, kwa hiyo kwangu ni mlinzi wa zamu tu. Kazi kubwa inafanywa na theluthi moja ya maji ninayobadilisha kila Jumamosi. Nitriti hainiumizi kichwa kama zamani, kwa kuwa kloridi ya maji ya chumvi huizuia kuingia kwa wingi kwenye matamvua, ingawa ikionekana tu najua chujio lina shida.

Na jioni bado najaza hadi kwenye ule mstari, kwa maji yasiyo na chumvi.

Mwezi uliopita dume mkubwa alianza kuchimba shimo nyuma ya gogo. Anashuka kichwa mbele, anatoka mashavu yamejaa, anatema donge la matope pembeni, anarudi. Mteremko wangu umeharibika na maji yana ukungu. Nilichota maji ya ndani ya shimo kwa bomba la sindano nikayapima: tangini amonia ni sifuri, shimoni ni 1. Nilisimama na kichupa cha kipimo kilichogeuka kijani mkononi, nikitafuta la kufanya. Dume akarudi, akanitazama, jicho moja likazama na kuibuka, akaingia shimoni mwake. Sijamgusa.