Elfu nne ya mama wa Makorora

"Fundi, niandike ngapi?"

Kama umewahi kusimama kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga pamoja na fundi wako, swali hili hukulisikia, kwa sababu haliulizwi ukiwapo. Linaulizwa ukitoka nje kupokea simu, au siku uliyonitumia hela ukasema, "Nenda kachukue fundi, nakuamini." Muuzaji anasimamisha kalamu juu ya kitabu cha risiti, ananitazama. Elbo, yaani kona ya bomba la plastiki la PPR, yenye shaba ndani anauza 3,500. Nikisema 4,500 anaandika 4,500, na elfu moja hiyo ni yangu. Hicho ndicho cha juu.

Mimi ni fundi bomba, mwaka wa 17 huu. Miaka 15 ya mwanzo nimekula cha juu na usingizi nikalala. Marehemu fundi aliyenifundisha alikiita "nauli ya baiskeli". Alikuwa mtu wa mabomba ya chuma, hakuipenda hii tepu nyeupe ya kuzungushia maungio hata kidogo. Alichambua nyuzi za katani, akazizungusha kwenye meno ya bomba kufuata upande wa kukazia, akapaka rangi, akakaza. Katani ikilowa inavimba, maji hayana pa kupita. Na katani huku kwetu haikuwa kitu cha kutafuta: tangu yule Mjerumani Hindorf alipoleta miche kutoka Florida mwaka 1893, ikafika mizima 62 tu ikapandwa Kikogwe, Pangani, mkoa mzima uligeuka shamba. Mwaka jana nilifungua ungio lake moja kule Raskazone. Bomba limeoza kwa chumvi ya bahari, katani bado inanata.

Basi mzee yule alinifundisha katani, akanifundisha na cha juu, vyote kwa sauti ile ile.

Sababu yenyewe ni bei ya ufundi. Mteja kwenye vifaa habishani sana, ana risiti mkononi. Ufundi hauna risiti. Ukitaja laki na themanini anakuangalia kama umemtukania mzazi: "Si kuchomelea tu hapo?" Ni kweli, kwa macho ni kuchomelea tu. Mashine inapata moto nyuzi 260, bomba la milimita 20 unalipasha sekunde kama tano, unalisukuma ndani ya soketi bila kulizungusha, unatulia, basi. Ukizidisha, plastiki inayeyukia ndani na kuziba nusu ya njia. Ukipunguza, litavuja baada ya miezi miwili, ukuta umeshapigwa lipu na rangi.

Na ukuta ndio unaojua bei, si mimi. Nyumba za zamani za Raskazone unaitwa kubadilisha koki moja. Unaweka spana, unageuza taratibu na bismillahi juu, na bomba linakatikia ndani ya ukuta. Ukichungulia, bomba la nusu inchi limebaki na tundu la njiti ya kiberiti, kote kutu. Sasa hapo umesema elfu 20 na mteja ameshika neno lako. Unafanya nini? Unapasua, unabadilisha mita tatu, na dukani unasema, "Andika 4,500."

Nilikuwa nimezoea hivyo mpaka nilipofanya kazi ya mama mmoja wa Makorora.

Muuguzi mstaafu. Magoti yamechoka, hataki tena kwenda uani usiku, akaamua kugeuza stoo ya ndani iwe bafu na choo cha kukaa. Nilitaja 180,000 ya ufundi, tukavutana, akaniambia, "Mwanangu, mimi nakula pensheni," tukafunga 150,000. Vifaa alinipa hela nikanunue mwenyewe. Kazi ilitoka vizuri, sisemi kwa kujisifu. Niliweka simtanki la lita 1,000 juu ya mnara wa tofali, nikamweleza kwamba lita 1,000 ni tani nzima ya maji, ndiyo maana nilikataa ule mnara wa mbao aliotaka fundi seremala.

Wiki ya tatu boya la tanki likawa halifungi. Mjukuu wake akalipeleka dukani kubadilisha. Kaunta siku hiyo alikaa kijana mgeni, hajui mambo, akamtajia bei ya duka. Bibi akashangaa. Siku ya pili akamtuma mjukuu na orodha nzima.

Nikapigiwa simu nije, nikadhani boya linasumbua tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, unywe chai kwanza."

Chai ya tangawizi na vitumbua. Nimekula cha pili ndipo akafungua daftari la mistari, kalipiga safu mbili kwa rula. Alisoma kama anasoma dawa wodini, taratibu, bila hasira. Elbo za shaba sita, elfu sita. Koki ya geti, elfu tano. Mabomba saba, elfu saba. Bomba la sinki, elfu sita. Choo chenyewe, elfu kumi.

"Jumla elfu 34. Nimekosea?"

"Hujakosea mama."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, au kwa kuitwa kwa mjumbe. Mama yule akapiga mstari chini ya hesabu, akasema: "Mimi nilikupunguzia elfu 30 kwenye ufundi wako. Wewe umejilipa 34. Nirudishie elfu nne yangu."

Mfukoni nilikuwa na elfu tatu. Nikasema nitamtumia kwa simu.

"Na ya kutolea," akasema.

Nikatuma, na ya kutolea. Nikapanda baiskeli nikaondoka, na spana yangu kubwa nikaisahau uani kwake. Wiki mbili nilikuwa naazima ya jirani, nimeshindwa kuifuata.

Mngeniuliza kilichoniuma, si aibu ya kukamatwa. Ni kwamba alikubali. Alikwisha jua kwamba alinipunja na mimi nikajifidia, na kwake hesabu hiyo ilikuwa sawa mpaka elfu 30. Kwa hiyo wote wawili tulikuwa tunajua tangu siku ya kwanza, tulichokosa ni kutamkiana. Nikajiuliza, wateja wangapi wanajua? Pengine wote. Pengine ndiyo maana wananipunguzia.

Nikaacha. Sasa bei yangu naisema nzima, vifaa naandika orodha, mteja anakwenda kununua mwenyewe au tunakwenda wote.

Msidhani mambo yalinyooka. Miezi mitatu ya kwanza kazi zilipungua mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa. Mteja anasikia 180,000, anakwenda kwa mwenzangu anayesema 110,000, anafurahi. Mwenzangu anajua atakapoipata ile 70,000. Na wale wanaokubali wananunua kwa macho. Nimeandika PN 20, bomba nene la presha kubwa, analetewa PN 10, zote kijani, zote zinang'aa, ya pili ni nyepesi ukiishika. Nimeandika elbo yenye shaba, anakuja na ya plastiki tupu. Ukifunga koki humo na kuikaza mara tatu, meno yanalika, siku ya nne unapigiwa simu saa tano usiku: "Fundi, kazi yako inavuja." Kazi yangu! Siku hizi kifaa kibovu nakirudisha mikononi mwa mteja kabla sijawasha mashine, hata kama tutachelewa. Tunachelewa sana.

Duka nalo lilibadilika. Zamani nikikosa soketi mbili Jumapili jioni, muuzaji ananifungulia mlango wa nyuma, nitalipa Jumatatu. Sasa ananiambia mashine ya risiti imefungwa. Simlaumu. Yeye kwangu alikuwa na faida mbili, nimembakishia moja.

Kisa cha Raskazone ndicho kilichonichosha. Mwenye nyumba anaishi Dar, pale kuna msimamizi, kijana mpole tu. Nikampa makadirio: mabomba yote ya chuma yatoke, PPR iingie, ufundi kiasi fulani. Akaniita pembeni chini ya mwarobaini. "Kaka, ongeza hapo, weka na yangu." Nikamwambia siku hizi sifanyi hivyo. Akacheka, akadhani natafuta kiwango kikubwa zaidi. Alipoona sicheki, akasema atanipigia. Wiki tatu. Nilipopita pale na baiskeli nikaona mabomba yameegeshwa ukutani na fundi mwingine anapasua. Nilimsalimia. Nikamwambia ukuta wa jikoni upande wa bahari aende nao polepole, bomba limeoza lote. Akanishukuru.

Waja leo waondoka leo, wanasema watu wa hapa. Mimi sina pa kuondokea, watoto wako shule Usagara, na baiskeli hii ndiyo ofisi.

Kidogo kidogo kazi zimeanza kurudi. Mama wa Makorora ameniletea watu wawili, mmoja ni shemeji yake wa Mikanjuni, ambaye salamu yake ya kwanza ilikuwa, "Wewe ndiye wa elfu nne?" Kazi nikapewa, bila kupunguziwa hata shilingi. Spana yangu pia nilirudishiwa, imepakwa mafuta ya nazi isipate kutu.

Ninaye saidia fundi, kijana wa miaka 20, mwepesi wa mikono kunishinda. Cha juu kilipokwisha, chakula chake cha mchana ndicho kilichoathirika, kwa hiyo nilimpandishia posho mpaka 15,000 kwa siku na nikamweleza kwa nini. Alinisikiliza vizuri, akaitikia kila neno.

Jumamosi iliyopita mteja alitutuma dukani tukamchukulie tii tatu na yunioni. Nilibaki nje nikifunga mabomba kwenye baiskeli, yeye akaingia. Mchana tukiwa kazini akaja na chips na mishikaki, sahani mbili, soda mbili. Nikamwambia asante, nikala, nikamuuliza kaokota wapi hela katikati ya mwezi.

"Wale wa dukani wananipa elfu mbili mbili kila nikienda," akasema. "Ya maji tu, fundi. Wewe walisema hutaki."

Nilikuwa nimeshamaliza mishikaki yote. Pilipili yake ilikuwa nzuri.